James Earl Jones: mwigizaji niliyemtazama kwa miaka mingi kabla ya kumsikia

#1. Mwalimu wa Mpakani (Busia)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

James Earl Jones alipofariki tarehe 9 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 93, karibu kila rambirambi niliyoisoma ilihusu sauti yake: nzito, ya chini, kama radi inayonguruma mbali kabla mvua haijafika. Nilizisoma nikajiona kama mtu aliyefika matangani akakuta jirani yake wa miaka mingi anasifiwa kwa jambo ambalo yeye hakuwahi kulijua. Mwigizaji huyo nilikuwa nikimtazama tangu utotoni, lakini sauti yake sikuisikia mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Waliokulia katika miji yetu miaka ya 1990 hawahitaji maelezo marefu. Kibanda chetu cha video hapa Busia kilikuwa na mabenchi ya mbao, jenereta nyuma ya ukuta wa mabati, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. VJ aliketi kando ya televisheni na maikrofoni yake, akaipunguza sauti ya filamu hadi ikawa mnong'ono, kisha akatufasiria kila kitu kwa Kiganda, akichomeka Kiswahili alipoona wateja wa kutoka upande wa pili wa mpaka wamekuwa wengi. Basi mfalme wa Zamunda, katika *Coming to America* ya mwaka 1988, alisema nasi kwa sauti nyembamba na ya haraka ya kijana ambaye asubuhi ile tulikuwa tumemwona akikaanga chapati. Hata hivyo mfalme yule alipoingia, ngozi ya simba ikiwa imemlalia begani, kibanda kizima kilinyamaza, na VJ mwenyewe alipunguza maneno.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili. Mtu ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa sauti alitutawala sisi bila sauti. Mimi naamini jibu liko katika kumbi za maigizo, alikoanzia na alikorudi tena na tena kwa zaidi ya nusu karne, na kwamba sauti ile, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa tunda la kazi ya jukwaani wala haikuwa mzizi wake.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka mapema akawa bondia na baadaye mwigizaji, na wawili hao hawakuja kujuana vizuri mpaka mtoto alipokuwa mtu mzima. Katika miaka ya 1960 walipanda jukwaa moja. Mtoto alilelewa na babu na bibi wa upande wa mama, ambao walihamia shambani Michigan alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi. Huko akashikwa na kigugumizi kikali kiasi kwamba, kwa takriban miaka minane, aliacha kabisa kuzungumza mbele ya watu. Shuleni alijibu kwa maandishi. Waliomsikia akizungumza kwa urefu walikuwa wanyama wa shambani.

Aliyemfungua alikuwa mwalimu wake wa sekondari, Donald Crouch. Kijana alikuwa ameandika shairi la kulisifu balungi, kwa sababu majira yale ya baridi serikali ilikuwa imesambaza matunda hayo mpaka kwao, na utamu wake ulimshangaza. Mwalimu akamwambia kuwa shairi hilo ni zuri kupita kiasi, hata mtu angeweza kushuku kwamba limenakiliwa, na kwamba njia ya kuthibitisha ni lake ni kusimama mbele ya darasa na kulisoma kwa moyo. Akasimama, akalisoma lote bila kukwama. Sisi tunaofundisha Kiswahili tunalifahamu jambo hili vizuri: mtoto anayeshindwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani anaweza kughani ubeti mzima, mizani kumi na sita kila mshororo, pasipo kujikwaa, kwa kuwa mizani humshika mkono na kumvusha.

Ningependa tusiifanye hadithi hiyo kuwa ya muujiza. Yeye mwenyewe alieleza mara nyingi kwamba hakupona kigugumizi. Alijifunza kuishi nacho, akiyachagua maneno kabla hayajafika mdomoni. Ndiyo maana nashuku kwamba ule utulivu wake, ile tabia ya kumtazama mtu kwa muda kabla ya kumjibu, ambao sisi watoto wa kibandani tuliudhani kuwa wa kifalme, ulikuwa kwa sehemu kubwa ni mtu anayepima kama neno linalofuata litapita.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Michigan alikusudia kuwa daktari, kisha akageukia uigizaji, akahitimu mwaka 1955 na kutumikia jeshi kama ofisa. Katika mji mdogo wa Manistee kulikuwa na ukumbi uitwao Ramsdell, na humo aliajiriwa kwanza kama seremala wa jukwaa. Naomba wapenzi wa maigizo walitie akilini jambo hilo: alipigilia misumari ya jukwaa kabla ya kulikanyaga kama mwigizaji, na humo humo ndimo alimocheza Othello akiwa bado kijana. Baadaye alikwenda New York, akasoma uigizaji na kujikimu kwa kazi za usafi wa majengo.

Kuanzia hapo orodha ni ndefu, nami nitachagua. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa tamthilia ya Jean Genet iitwayo *The Blacks*, pamoja na Cicely Tyson, Maya Angelou na Louis Gossett Jr., tamthilia iliyooneshwa mara 1,408 katika ukumbi mdogo nje ya Broadway, yaani nje ya zile kumbi kubwa za maigizo za New York. Mwaka uliofuata alicheza Shakespeare katika bustani ya Central Park. Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick alikwenda huko kumtazama mwigizaji mwingine, George C. Scott, akaondoka na wote wawili, na hivyo ndivyo Jones alivyopata filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1964. Televisheni nayo ilimfungulia mlango mapema: mwaka 1966 aliigiza daktari katika tamthilia za mfululizo za mchana, wakati ambapo Mtu Mweusi mwenye nafasi ya kudumu katika vipindi vile alikuwa jambo la kuhesabiwa kwa vidole.

Kilichomtoa hasa ni *The Great White Hope*, tamthilia inayotokana na maisha ya bondia Jack Johnson. Ilianzia Washington mwaka 1967, ikaingia Broadway mwaka 1968, na mwaka 1969 ikampa Tony, tuzo kuu ya maigizo ya jukwaani Marekani. Alinyoa kichwa, akajenga mwili wa bondia, akapigana kila usiku mbele ya watu. Filamu yake ya mwaka 1970 ilimfanya kuwa mwanamume Mweusi wa pili kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora, baada ya Sidney Poitier. Katika nchi iliyowatoa mabondia Ayub Kalule na John Mugabi sidhani kama ninahitaji kueleza kwa nini nafasi hiyo inanigusa. Nilipoipata filamu hiyo hatimaye, bila VJ, jambo la kwanza nililolitazama ni miguu yake, namna anavyoihamisha hata anapokuwa ameketi.

Nawaachia uwanja. Je, mnakubali kwamba mwili ulitangulia na sauti ikafuata?

#2. Mnubi wa Bombo

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi, lakini hapo mwisho sikubaliani nawe hata kidogo.

Watoto wangu walimjua mtu huyu kwa *The Lion King* ya mwaka 1994, ambayo tulikuwa nayo kwenye kanda mpaka ikachakaa, na katika filamu ile hana mwili wowote. Kuna simba aliyechorwa. Mufasa alipoanguka kutoka gengeni, binti yangu mdogo alilia mpaka tukazima televisheni, na aliyemliza ni sauti peke yake. Nyumbani kwetu tunazungumza Kinubi na Kiswahili, hivyo watoto walicheka sana waliposikia majina kama Simba, Rafiki na Pumbaa, wakadhani filamu imetengenezwa na watu wa pwani. Ila Mufasa alipozungumza hawakucheka.

Halafu kuna Darth Vader, yule adui mkuu wa filamu za *Star Wars*. Uso umefunikwa, mwili ni wa Mwingereza David Prowse, na cha Jones ni sauti tu. Ukimwondolea sauti hapo atabaki na nini? Mwigizaji anayejulikana zaidi kwa kazi mbili ambazo haonekani ndani yake huwezi kuniambia kwamba mwili wake ulitangulia.

#3. Kijana wa Kisaasi

Natia neno dogo tu kabla ya Mwalimu kujibu. Katika mitandao kuna maneno yanayosambazwa kwamba Mufasa lilikuwa jina la mfalme wa mwisho wa "Bagada", na wengine huyapeleka moja kwa moja Buganda. Hakuna Kabaka aliyewahi kuitwa hivyo. Tunao akina Mukasa wa kutosha, lakini Mufasa hatuna.

#4. Mwalimu wa Mpakani

Ndugu wa Bombo, umenibana vizuri, nami sitakimbia.

Tuanze na Vader. Mwaka 1977 alilipwa dola 7,000 kwa kazi ya saa chache studioni, na aliomba jina lake lisiandikwe katika filamu mbili za kwanza, akisema kwamba yeye ni sehemu tu ya vikorombwezo vya mitambo. Wengine huiona hiyo kuwa unyenyekevu. Mimi nasikia ndani yake mtu wa jukwaani anayejua tofauti kati ya kuigiza na kukopesha koo. Alikuwa tayari amemcheza King Lear mwaka 1973, hapo hapo Central Park, na ukitazama kumbukumbu yake ya televisheni utaelewa ni kwa nini saa chache za kusoma maneno ya mtu mwingine hakuziweka katika mizani moja na kazi ile.

Hata hivyo nakubali kwamba hoja yangu inayumba kwa Mufasa. Labda niiseme upya: katika sauti ile unasikia mwili. Alipomcheza mfalme wa Zamunda mwaka 1988, malkia wake alikuwa Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaica. Miaka sita baadaye ni hao hao wawili waliowatolea sauti Mufasa na malkia wake Sarabi. Hao ni watu waliokwisha kuketi pamoja kwenye viti vya enzi, wakajua mfalme anageuzaje kichwa kumsikiliza mkewe. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2019, waigizaji wengine wote wa sauti walibadilishwa isipokuwa yeye.

Kazi ninayoiona kuwa kilele chake, lakini, wala si mojawapo ya hizo. Ni *Fences* ya August Wilson, mwaka 1987. Humo aliigiza Troy Maxson, mzoa taka wa mji wa Pittsburgh aliyekuwa na kipaji cha besiboli katika zama ambazo ligi kuu haikuwapokea Watu Weusi, na ambaye sasa anamzibia mwanawe njia ile ile ya michezo, nusu kwa kumlinda na nusu kwa kijicho. Ilimpa Tony ya pili. Kuna onyesho ambalo mtoto anamuuliza baba yake kwa nini hajawahi kumpenda, na baba anajibu kwa hesabu ya chakula, nguo na paa juu ya kichwa. Kipande hicho kilirekodiwa na bado kinapatikana. Nimekitazama pamoja na wanafunzi wa kidato cha tano, ambao Kiingereza cha mitaa ya Pittsburgh kiliwapita nusu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza baba yule anasema nini. Kila mmoja alikuwa na mjomba wa namna hiyo.

#5. Msanii wa Jukwaa (Kampala)

Mimi naigiza, ingawa si kwa kiwango cha kuwekwa katika uzi huu, na ningependa kueleza jambo ambalo watazamaji wa filamu hulisahau.

Broadway huwa na maonyesho manane kwa wiki. Sisi hapa Kampala tamthilia yetu ikifika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu koo limekwisha na magoti yanauma. Mtu anayecheza Troy Maxson au yule bondia mara nane kwa wiki, akilia, akipiga kelele, akianguka, na kesho yake jioni akaanza upya kana kwamba hajawahi kulia, ni lazima awe na njia ya kuitunza pumzi yake. Sauti nzito kwa kuzaliwa haitoshi. Ukisukuma kutoka kooni, wiki ya pili hautazungumza. Pumzi hutoka tumboni, miguu hushika sakafu, na maneno huelea juu yake. Kwa hiyo katika ubishi wenu naona nyote wawili mnazungumzia kitu kimoja: anayesema "sauti" na anayesema "mwili" wameshika mguu na mkonga wa tembo yule yule.

Linalonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo imepotea. Ukumbi wetu wa Taifa ulifunguliwa mwaka 1959, na ukiwauliza wazee watakueleza maonyesho ya ajabu ya akina Byron Kawadwa na Rose Mbowa, lakini ukitaka kuyaona utaambulia picha chache za magazeti. Ndivyo jukwaa lilivyo kila mahali. Kizazi cha sasa kinamjua Troy kwa uso wa Denzel Washington, katika filamu ya mwaka 2016, naye ni hodari. Ila wazee wa New York husema habari za Jones katika nafasi ile kama wazee wetu wanavyosema habari za Kawadwa, na hatuna njia ya kuwabishia.

Mwalimu, nina swali. Televisheni umeipita haraka mno. Kuna sababu?

#6. Mwalimu wa Mpakani

Sababu ni kwamba, kwa maoni yangu, televisheni ilimtumia mara nyingi na kumpa kazi ya maana mara chache. Alimwigiza mwandishi Alex Haley mwaka 1979 katika mwendelezo wa *Roots*, na hiyo ilikuwa kazi nzuri. Mwaka 1990 alipata mfululizo wake mwenyewe, *Gabriel's Fire*, akiwa polisi wa zamani aliyetoka gerezani baada ya miaka ishirini, na mwaka 1991 alinyakua Emmy mbili, tuzo za televisheni, katika msimu mmoja, moja kwa kazi hiyo na nyingine kwa filamu ya televisheni kuhusu ghasia za Watts, mtaa wa Los Angeles. Halafu watayarishaji wakaupunguza ukali mfululizo ule, wakaubadilisha jina, na haukudumu. Baada ya hapo alikuwa mgeni katika vipindi vya watu wengine, na mtangazaji asiyeonekana wa kituo cha habari ambacho hoteli zetu zote hukiwasha asubuhi.

#7. Wakili Mpenda Filamu (Jinja)

Kuna sura moja hamjaigusa. Mwaka 2022, akiwa amekwisha kupita miaka 90, aliridhia kwamba rekodi zake za zamani zitumiwe na kampuni moja ya Ukraine kumtengenezea Vader sauti kwa akili mnemba, ili mhusika yule asikike kama alivyosikika miaka ya 1970 na yeye asilazimike kurudi studioni. Kisheria hilo ni jambo zito, kwa kuwa aliridhia akiwa hai na akijua analoliridhia.

Nilipousoma uzi huu nikawaza kwamba sisi tulikwisha kuishi na kinyume chake. VJ wetu aliuacha mwili akaifuta sauti bila kumwomba mtu ruhusa. Mashine inaitunza sauti na mwili umekwisha kuzikwa. Sijui kama Mwalimu atapenda ulinganisho huo.

#8. Mwalimu wa Mpakani

Wakili, sikuupenda, lakini hauniachi, nami nitauchukua. Tofauti ninayoiona ni kwamba VJ alikuwa anafanya kazi. Kila usiku aliigiza upya, akikosea na kujirekebisha, mbele ya watu walioweza kumzomea. Mashine haizomewi.

Nimalizie kwa miaka ya mwisho, kwa kuwa huko ndiko hoja yangu ya kwanza inakosimama bila kuyumba. Kuanzia mwaka 2005, katika umri ambao wenzake walikuwa wakipokea heshima wakiwa wameketi, yeye alirudi jukwaani karibu kila mwaka, ingawa alikuwa na kisukari tangu miaka ya 1990, jambo alilokuja kulitangaza mwaka 2016. Mwaka 2011 alipotunukiwa Oscar ya heshima hakuwapo Los Angeles. Alikuwa London akiigiza pamoja na Vanessa Redgrave, na Ben Kingsley ndiye aliyempandishia sanamu ile jukwaani mwishoni mwa onyesho, hadhira ikiwa bado vitini. Mwaka 2015, akiwa na miaka 84, alicheza Broadway tamthilia ya watu wawili tu, wazee wanaocheza karata barazani na kugombana. Mwenzake alikuwa Cicely Tyson, wa *The Blacks* ya 1961, aliyekuwa amemzidi kwa miaka sita. Maonyesho yalikuwa manane kwa wiki, kama Ndugu Msanii alivyosema.

Kuna jambo moja nililiacha makusudi katika andiko la kwanza. Nafasi yake ya mwanzo kabisa ya kuonekana Broadway ilikuwa mwaka 1958, katika tamthilia kuhusu Franklin Roosevelt na ugonjwa wa polio. Aliigiza mtumishi wa nyumbani, na kazi yake ilikuwa kuingia na kumwambia Bibi Roosevelt kwamba chakula kiko tayari. Usiku mmoja akafika katika herufi ya kwanza ya neno "Mrs." na kigugumizi kikamkamata mbele ya ukumbi mzima. Wenzake walisubiri, naye akalitoa. Ukumbi huo uliitwa Cort, nao ulikuwa umejengwa mwaka 1912. Tangu mwaka 2022 unaitwa James Earl Jones.

Ndugu Msanii, tamthilia yenu inaanza Ijumaa ipi? Nitawahi basi la asubuhi kutoka Busia.